Kabla ya Kidole Gumba

Nilianza ukalimani katika korti ya Koboko mwaka 1973. Siku ya kwanza karani mkuu, Mzee Rajabu, alinitazama toka viatu mpaka kofia.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tano, mzee."

"Itatosha. Hapa hatutaki akili yako, tunataka mdomo yako. Mutu akitukana, na wewe tukana."

Kazi yenyewe ilikuwa hivyo. Shahidi anasema Kikakwa, mimi nasema Kiswahili, hakimu anaandika. Karatasi ya mtu asiyejua kusoma lazima nimsomee kwa lugha yake mbele ya hakimu, ndipo aweke kidole gumba. Bila hivyo ni karatasi bure.

Wakili Drani aliijua sheria hiyo kuliko mimi. Namtaja jina, sifichi. Alikuwa anamtetea Mama Asha, mjane kutoka Ludara, ambaye Sajenti Kenyi alitaka kumnyang'anya shamba. Kumbe Drani alishapatana na huyo Kenyi. Asubuhi ya kesi alinivuta pembeni, akanipa karatasi.

"Ndugu yangu, mwambie mama hii iko ya tarehe ya kesi tu. Sajenti iko ndani, anakuangalia."

Niliipitia. Ilisema mama ameacha shamba kwa hiari yake.

Hakimu akasema, "Mkalimani, soma."

Nilisoma Kikakwa, neno kwa neno. Kidole cha mama kilishapakwa wino. Akakirudisha, akakipangusa kwenye gauni.

"Wewe Drani! Mimi nilikuita mwanangu!"

Jioni Kenyi alinichukua, akanipeleka kambini kwao. Nilitoka baada ya wiki mbili bila meno matatu, sikio moja limekufa. Uchungu huo ninao mpaka leo.

Hakimu alikuwa ameandikia wakubwa wa mawakili Kampala. "Anahitajika shahidi," akaniambia. "Ukikataa, sitakulaumu." Mkono ulikuwa na bandeji, Mzee Rajabu alinishikia karatasi ya ushahidi, nikaweka sahihi. Drani alifutwa uwakili.

Vita ya 1979 ilitukimbiza Kongo. Tuliporudi sikuomba kazi tena, maana mkalimani asiyesikia vizuri ni hatari kwa watu. Mama Asha alirudi kulima shamba lake. Juzi alikuja kwangu na shida.

"Mtoto wa Asha anataka kusoma uwakili. Nimukataze?"

Nilimwambia amwache asome, korti iko na haja ya watu kama huyo mtoto.

"Na akigeuka Drani?"

"Basi mama, mimi bado iko na mkono ya kuweka sahihi."