Dokta alisema "kronike", mimi nikafukuza bibi yangu

Admin, jina yangu usiweke, Nyakasanza yetu hapa Bunia ni ndogo na watu wananijua. Niko muzee wa miaka makumi saba na mbili. Masomo nilifika mupaka ya pili primere, kwa hiyo mwenye kutaka kucheka maandiko yangu acheke, lakini hakuna mwenye masomo alinishinda kazi. Mu karière ya zahabu nilikuwa PDG: shimo ilikuwa yangu, vijana wote walikuwa chini yangu. Na mawe nilitwanga mwenyewe, vumbi inanigeuza mweupe kama mutu wa kusaga unga, sigara mu kinywa. Hakuna mwanaume alibeba mufuko ya mawe kunipita. Waulize.

Kukohoa ilianza zamani, nikasema ni baridi. Kisha pumzi ikaanza kukatika. Kutoka kitanda mupaka ku choo nasimama mara mbili, najifanya naangalia kuku. Walipima makohozi yangu juu ya kifua kikuu, mara mbili, wakasema haiko. Tayari hapo sikuamini. Mutu anakohoa hivi, unamwambia haiko, unamuficha nini?

Binti yangu wa kwanza akanipeleka ku hopitali ingine. Kule wakanipa aparei, mashine yenye tiyo ya kuweka mu kinywa. Muinfirmie anapiga kelele: "Puliza muzee! Endelea, endelea, usiache!" Mimi nikajua ni mashindano. Nilipuliza mupaka machozi ikatoka. Nikauliza, "Nani amenishinda?" Wakacheka. Kisha wakanipa dawa ya kuvuta, wakasema ngoja kidogo, halafu wakanirudisha kupuliza tena. Kama ya kwanza ilikuwa kweli, ya pili ilikuwa ya nini?

Dokta, kijana hata ndevu hana, akaangalia karatasi, akasema: "Muzee, ugonjwa yako ni kronike. Dawa utatumia maisha yote. Utakuwa unakuja kila mwezi. Na mara ingine uje na mama, tunataka kuzungumuza naye pia."

Ninyi wa Bunia munanielewa. Hapa kwetu nani hajui "kronike"? Ni neno watu wanasema chini chini wakati hawataki kutaja SIDA, ule ukimwi. Dawa ya maisha, kila mwezi, lete bibi. Sikuuliza kitu. Ku pikipiki nilikuwa nafikiri tu: mimi nilikuwa namaliza miezi na miezi kule karière, yeye alibaki peke yake nyumbani, mu parseli. Nani alikuwa anaingia? Mambo yangu mimi ya karière siongei hapa.

Nilimukuta anapika, moshi imemujaa uso. Nikasema mbele ya majirani: "Weye mama, huu ugonjwa umeniletea, umeutoa wapi?"

"Ugonjwa gani, muzee?"

"Ile ya kronike!"

Majirani wakaangalia chini. Bibi niliyeishi naye miaka makumi ine na moja, hakulia. Alitoa sufuria ku moto, akaifunika vizuri, akasema: "Umeniita malaya na chakula yako iko mu mikono yangu." Kesho yake akaenda kwa kaka yake, kule Nyankunde.

Binti yangu aliposikia alikuja mbio. "Papa, kronike ni ugonjwa yoyote yenye haiishi! Hata tension, presha ya damu, ni kronike! Yako iko mu mapafu, njia za pumzi zimefungana juu ya sigara na vumbi ya mawe. Mama walimuita juu ya ile moshi ya jiko, na ajue kukusaidia wakati pumzi inakatika." Nikamwambia: munadanganya, mumepanga na mama yako. Akanirudisha ku hopitali, wakanipima damu. SIDA haiko. Mama naye alipimwa kule Nyankunde, haiko. Nikasema karatasi ni karatasi, hata mimi naweza kuandikisha moja. Lakini kusema kweli, ile karatasi sikuitupa.

Sasa iko pompi. Walinipa pompi ndogo ya kuvuta dawa, nikaisokomeza ndani ya kiatu ya zamani. Wazee wote niliona na pompi, walikufa wanaishika mu mukono. Lakini wiki iliyopita niliijaribu, peke yangu, vile walinionyesha. Nikafika ku choo bila kusimama hata mara moja. Munafikiri nilifurahi? Nilipata woga. Kitu inakupa pumzi haraka hivi, inaitoa wapi? Sigara wanasema pia niache. Nimepunguza, lakini sisemi, binti yangu asijivune.

Juzi mama amenitumia neno kupitia huyu binti: "Alichosema mbele ya watu, akuje kukiondoa mbele ya watu. Siku ya yenga, jumapili, watu wakitoka kanisani huku Nyankunde. Asitume mutu. Yeye mwenyewe, na kinywa yake."

Ndipo niko nimekwama. Bila pompi, hata "habari ya asubui" naikata mara tatu. Nitasimama pale, nitasema "mama watoto, nili…", kukohoa inanishika, na kaka zake watasema muone, kiburi inamukaba. Nikivuta pompi mbele yao, mimi niliyebeba mawe kupita wanaume wote, watasema huyu amekwisha. Na kama ile dokta ananidanganya, nitakuwa nimejiharibu mapafu mbele ya wakwe zangu.

Mwenye anavuta pompi hii tangu miaka mingi na bado anatembea, aniandikie. Sitaki munganga anijibu, nataka mugonjwa. Nishaurini. Hapa nimewaambia ninyi watu maelfu kwamba huyu mama hana kosa. Kumwambia yeye mumoja ndiyo imenishinda. Nifanye nini?