Mikono ya Evodia

Kwao Bukoba, Evodia alijulikana kwa mambo mawili: kusuka mikeka, na kujisifu kwamba hakuna anayemfikia. Watu walimwacha ajisifu, maana ilikuwa kweli. Lakini mwaka 2003, baada ya miaka minne ya kazi za ndani Muscat, katika nyumba ya Bi Aliya huko Ansab, ajisifu kwa nani? Kwa mapazia?

Bi Aliya, mzaliwa wa Unguja aliyestaafu wizarani, alikuwa amejitia kwenye uchoraji. Alhamisi moja alimkuta Evodia jikoni anasuka mkeka mdogo.

"Kaa vivo hivo, usitikisike! Nnakuchora weye."

Akamhadithia kisa cha kale cha Wagiriki: msichana mfumaji alijigamba kwamba anamshinda mungu wa kike kwa kufuma, mungu akakasirika, akamgeuza buibui.

"Sasa kosa lake nini, kama kazi aliijua kweli?"

"Kosa lake kujiona. Hebu inua kidevu."

Maneno hayo yalitoka kwa mtu mwenye vioo vitatu chumbani.

Wiki sita, kila Alhamisi na Ijumaa, Evodia alikaa mpaka shingo ikakakamaa, na vyombo vikimngoja vilevile kwenye sinki. Hakunung'unika. Alisuka nywele upya, akajipaka mafuta uso ukang'aa. Picha yenyewe ilifunikwa shuka, marufuku kuichungulia. Hata hivyo alinunua kadi ya simu akampigia mama yake: "Sura yangu itatundikwa ukutani, mama. Watu watakuja kuiangalia."

Siku ya kuifunua picha ikafika, wageni wakajaa sebuleni. Evodia aliingia na trei ya sharubati wakati shuka linavutwa.

Msichana wa kwenye picha alikuwa mzuri mno. Na alikuwa Bi Aliya kabisa, pua yake, macho yake, ujana wake wa miaka thelathini iliyopita. Pembeni alining'inia buibui mweusi, na mahali pa miguu alikuwa na mikono ya binadamu. Evodia aliitambua kwa kidole kilichopinda na kovu la pasi. Minane, yote yake.

Hasira zilimpanda. Wiki sita! Kidevu alichokiinua kimekwenda wapi? Na yeye atamwambia nini mama yake?

"Nani alikukalia ukamchora?" aliuliza Wadha, rafiki wa Bi Aliya.

"Hata mtu. Kichwani mwangu tu."

Evodia akaitua trei mezani, akapita katikati ya wageni, akanyoosha mkono wake kando ya picha.

"Mikono hii ni yangu, Bi Aliya." Alisema kwa sauti, wote wakasikia.

Wadha akavaa miwani, akautazama mkono, akaitazama picha, akarudi kwenye mkono.

"Mashallah! Hata kovu hukuliacha! Aliya, una jicho weye!"

Makofi yakalipuka. Bi Aliya akainamisha kichwa kwa haya. Mgeni mwingine akasogea, akamwomba Evodia ageuze kiganja, naye aone kilivyochorwa sawasawa.