Balihukumu Mutoto, Habakufungua Kitabu

Simone anauza samaki ya kukausha ku soko ya Kampemba. Lupangu yake, kiwanja cha nyumba yake, na yangu zinapakana, kwa hiyo hii maneno niliiona kwa macho yangu, na mpaka leo hasira haijanitoka.

Mujukuu wake Benita iko na miaka kumi na moja. Mwalimu aliazima batoto roman moja, kitabu cha hadithi ya miungu ya zamani: binti anapaa usiku, anashuka ku mto, malkia mwenye mwili wa nyoka anamupa nyama ya karamu. Benita aliipenda sana. Na Simone alimufundisha kuhadithia namna bankambo betu, babu na bibi, balituhadithia sisi: mwenye kuhadithia anajiweka ndani. Kama ni simba, anasema, "Mimi nilinguruma."

Sasa Stéphane, baba ya Benita na mutoto wa Simone, anasali mu kikundi cha Mama Dominique. Siku moja balisimamisha batoto baseme kitu. Benita akahadithia roman yake: "Nilipaa usiku. Nilifika ku mto. Balinipa nyama, nikakula." Bantu bazima, bamevaa viatu, bakasema mutoto amekubali bulozi, ule uchawi wa kupaa usiku na kula nyama ya bantu.

Jumapili balituita sisi bamama, eti tuangalie kama ile roman inafaa batoto. Kitabu ilikuwa ku meza, bameifunika na kitambaa kama maiti. Mama Dominique akasema Benita atalala kanisani siku tatu, bila chakula, bila maji.

Simone akauliza, "Mama Dominique, uliisoma?"

"Kitu ya shetani haisomwi."

"Unajuaje ni ya shetani?"

"Roho ilinionyesha."

"Ilikuonyesha ukurasa gani?"

Bamama babili bakacheka ndani ya vitambaa vyao. Simone akatoa kile kitambaa, akafungua kitabu.

"Mimi niliisoma yote. Hapa mufalme anaua batoto yake. Mutoto wa miaka saba, hapana, ataota vibaya. Huyu wa kumi na moja asome, na mukubwa akae karibu amujibu. Hiyo njo hukumu yangu juu ya kitabu. Sasa mutoto mulimuingiza mu hii maneno juu ya nini?"

"Mama, usinipatishe haya mbele ya bantu," Stéphane akasema, macho chini.

"Haya? Ulipokuwa mudogo ulisema umemeza mwezi. Nilikunyima maji?"

Mama Dominique akasema, "Anayetetea mulozi, tunamujua."

"Basi mutandike mikeka mbili," Simone akasema. "Na mimi pia nitalala pale, na ninakoroma."

Akamushika Benita mukono, bakatoka. Mimi nikabafuata. Nyuma yetu balianza kuimba kwa nguvu, kama bantu balioshinda.

Tangu siku ile Benita analala kwa Simone. Alhamisi Stéphane alikuja na mufuko wa mchele. Hakukaa.

"Mama, nipe mutoto. Balisema batamuombea tu, hakuna tena kumunyima chakula."

"Kamata roman hii kwanza. Uisome mpaka mwisho, kiisha uje uniambie ni wapi binti yako alikosea."

"Kazi ni mingi, mama."

"Basi na mutoto iko na kazi hapa."

Akaacha mchele, akaenda. Kitabu hakuikamata. Benita alikuwa nyuma ya mulango, alisikia yote. Hakulia. Alitoka, akaanza kuchambua ule mchele, jiwe moja moja.