Uzi wa Buluu kwenye Koti la Ngazi

Suruali za dukani zilimwishia Ngazi chini kidogo ya magoti. Ndiyo maana mchezaji bora wa mpira wa kikapu katika ligi nzima alikuwa mteja wa Mama Pindo, fundi mwenye chumba kimoja, vyerehani viwili na dirisha linalotazama barabara. Alianza kumshonea miaka minane nyuma, kijana akiwa hana jina bado. Sheria za mchezo wenyewe Mama Pindo hakuzijua. Alichojua ni urefu wa mikono ya wachezaji.

Mwaka huo mkataba wa Ngazi na Nyuki, timu ya mji, ulikwisha, akawa huru kwenda atakako. Papa, timu ya mji jirani, walimtaka kwa udi na uvumba, na Nyuki hawakuwa tayari kumwachia. Siku ya mwisho ya kutia saini ilikuwa Ijumaa. Mwenyewe hakusema lolote, na mashabiki, kwa njaa ya habari, wakageuka wapiga ramli.

Ramli ilipigwa mlango wa pili, kwenye saluni ya shemeji yake Mama Pindo, mdogo wa mumewe, kinyozi na katibu wa tawi la mashabiki wa Nyuki. Ukuta kati ya vyumba hivyo viwili ulikuwa wa mbao, na kila neno lilipita.

"Ameshusha mapazia nyumbani kwake," alisema dereva wa teksi, povu likiwa nusu ya kidevu. "Mtu asiyehama anashusha mapazia ya nini?"

"Ya kufua, ndugu yangu. Kwenu hamfui?" alijibu kinyozi.

"Na mwavuli je? Juzi kanunua mwavuli mkubwa kama hema. Kule kwa Papa mvua hainyamazi."

"Mtu wa futi saba ulitaka anunue mwavuli wa mtoto?"

Mama Pindo alisikia na kuendelea kukanyaga cherehani. Mwanamke aliyemfundisha kazi alimwachia sharti moja: kinachosemwa wakati wa kupima kinabaki kwa mpimaji. Kwake walipita maharusi ambao viuno vilipanuka kila wiki, na mwalimu mkuu mmoja aliyetaka bega la kulia lijazwe pamba lilingane na mwenzake. Yote aliyaandika kwenye daftari jeusi, na daftari hilo hakulisoma mtu mwingine.

Kwa wiki nne mfululizo Ngazi alikuwa akija kila Jumatatu. Watu walijua ni suti, na suti ilikuwepo kweli, ila hakuna suti duniani inayotaka mtu apimwe mapaja kila wiki. Likizo ilipoanza alipasuliwa goti la kushoto, mbali na kimyakimya, na paja likanywea. Daktari wa timu angempima bure, lakini daktari wa timu hula meza moja na viongozi.

"Likibaki nyuma nusu inchi tu, natia saini," alimwambia siku ya kwanza. "Likizidi hapo, mama, nitakuwa nimewauzia watu mbuzi kwenye gunia."

Siku hiyo la kulia lilikuwa inchi ishirini na sita, la kushoto ishirini na tatu na nusu. Wiki ya nne la kushoto lilifika ishirini na nne na nusu. Walikubaliana wapime mara ya mwisho Alhamisi.

Jumatano Mama Pindo alilitundika koti dirishani. Lilikuwa limepigwa bandi tu, mishono mirefu ya kushikilia kitambaa kabla ya kushonwa kwa mashine, na bandi yake siku zote aliipiga kwa uzi wa buluu, kwa sababu buluu huonekana wakati wa kufumua. Shemeji yake alipita na ndoo ya maji, akaona, akasimama. Buluu ilikuwa rangi ya Papa. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Saa tisa mtangazaji wa michezo redioni alitaja "vyanzo vya kuaminika vilivyo karibu na mchezaji."

Kinyozi aliingia bila hodi, mkasi ungali mkononi.

"Shemeji, hata wewe? Koti la Papa, mbele ya macho yangu?"

"Hiyo ni bandi. Itafumuliwa."

"Bandi ya buluu!"

"Koti lako la harusi nalo nililipiga hiyohiyo. Ulioa Papa?"

Hakucheka. "Kumbe haendi. Anabaki?"

"Sikusema hivyo."

"Basi lete daftari tuone kaagiza nini. Kama huna la kuficha, unaogopa nini?" Akanyoosha mkono mezani.

Ukurasa ule ulikuwa na tarakimu tu, lakini shemeji yake hakuwa mjinga. Alikuwa amenyoa wachezaji miaka ishirini na kusikia habari za magoti yao yote. Mapaja mawili yasiyolingana angeyaelewa mara moja, na kufikia jioni timu zote mbili zingekuwa zimejitoa, kabla mwenye mguu hajaamua lake. Mama Pindo alilivuta daftari, akaliweka kwenye kiti, akalikalia.

"Nenda kawaambie nimemshonea koti la Papa," alisema. "Waambie hivyohivyo."

Kesho yake asubuhi wanawake watatu wa tawi la Nyuki walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Aliwakunjia vizuri, akawafungia kwa uzi.

Mchana Ngazi aliingia kwa mlango wa nyuma. Mama Pindo alipima la kulia, akapima la kushoto. Akarudia.

"Ishirini na nne na nusu. Halijasogea."

"Hujaikaza sana hiyo futi, mama?"

"Futi naweza kuilegeza, mwanangu. Mguu siwezi."

Ngazi alikaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yakimfika karibu na kidevu. "Huko nje wanasema umenipeleka Papa."

"Nimesikia."

"Na hukuwaambia kitu."

"Mguu ni wangu?"

Ijumaa saa nne alizungumza redioni. Hatii saini popote. Goti lilipasuliwa, paja halijarudi, atapumzika mwaka mzima, na atakayemtaka baadaye atakuwa anajua anachokichukua. Upande wa pili wa mbao mashine ya kunyolea ilinguruma peke yake.

Baadaye shemeji alikuja, safari hii akabisha hodi.

"Ulijua."

"Nilipima."

"Wiki zote hizo unanisikia nikigombana na watu kwa ajili ya mwavuli!"

"Nilikusikia. Ulikuwa na hoja nzuri."

Alitaka kukasirika zaidi, ila jicho lake lilitua kwenye daftari jeusi, na uso ukabadilika. Alijishika mkanda wa suruali.

"Shemeji, na mimi nimo humo?"

"Tangu harusi yako."

"Na kiuno?"

"Kila mwaka."

Alilitazama tena, kisha akatazama mlango, kama vile dereva wa teksi angeweza kuingia wakati wowote.

"Basi litafutie kufuli," alisema.