Bahasha ya Anastazia

Anastazia amefanya kazi kwenye maabara ya shule moja ya binafsi hapa Tunduma kwa miaka kumi na mmoja. Si mwalimu. Ana cheti cha ufundi wa maabara na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ambao bodi ya shule huujadili kila Desemba. Huosha neli za kioo, hupima kemikali, na huwaonyesha wanafunzi kwamba chakula hakijui kudanganya. Tone la ayodini likigusa wanga, rangi hugeuka bluu nyeusi. Dawa ya kupimia sukari iitwayo Benedikti ikichemshwa na glukosi, huanza kijani, ikaja njano, ikaishia wekundu wa tofali.

Mwaka jana, siku moja kabla ya mtihani wa vitendo wa baiolojia wa kidato cha nne, alikabidhiwa bahasha yenye maelekezo ya myeyusho wa kuandaa. Anayejua kilichomo kwenye myeyusho anajua majibu, kwa hiyo siri hiyo hutakiwa kuishia kwa anayeandaa.

Mwalimu wa taaluma, Rabson, alimfuata siku ileile asubuhi.

"Dada Anastazia, nidokeze tu. Wanga upo au haupo?"

"Upo tumboni mwako, mwalimu. Umekunywa chai kwa chapati."

"Acha utani. Shule za jirani watoto wote wanaambiwa."

"Basi kawaulize hao jirani."

"Na Gloria wako yumo humo humo. Humwonei huruma mwanao?"

"Namwonea. Ndiyo maana namwacha apime mwenyewe."

Gloria alikuwa ameanguka kwenye mtihani wa majaribio kwa kusahau kuua tindikali kwa magadi kabla ya kutia Benedikti. Mzazi mwingine angelainika hapo. Siku hiyo ya bahasha mtoto alimuuliza mama yake aanze na kipimo kipi. Akajibiwa, "Anza na kusoma swali."

Rabson hakuchoka. Alipomwona Anastazia akielekea dukani kwa Mwajuma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, alimpigia Mwajuma simu kuuliza mama yule amenunua nini.

"Mwalimu, amebeba duka zima," Mwajuma akasema. "Unga, glukosi, sukari, mafuta ya alizeti, mayai, maziwa, hata karanga. Mna harusi huko?"

Katika vyote hivyo, Anastazia alitumia vile tu vilivyotajwa kwenye maelekezo, akafunga maabara, akaondoka na ufunguo. Kesho yake watahiniwa waliingia bila kudokezwa neno. Gloria alitoka na doa la ayodini kidoleni, akasema ameharibu jaribio moja na kulirudia.

Desemba barua ikaja. Mwalimu wa taaluma alipendekeza mkataba wa Anastazia usiongezwe, na sababu ilikuwa maneno mawili: hana ushirikiano. Anastazia hakwenda kumlilia mtu. Aliomba kusikilizwa na bodi, akaingia na barua mkononi.

"Nimeandikiwa kwamba sina ushirikiano," alisema. "Namwomba mwalimu amalizie sentensi. Ushirikiano katika nini?"

Rabson akakohoa. "Katika mambo ya taaluma."

"Jambo lipi?"

"Mama Gloria, tusifike huko."

"Mimi nimeshafika. Nakusubiri wewe."

Mwenyekiti, mzee Barnaba, alishika kalamu. "Malizia, mwalimu, tuandike kwenye kumbukumbu."

Rabson aliitazama meza mpaka wajumbe wakaanza kutazamana. Hakumalizia.

Mkataba uliongezwa kwa mwaka mmoja, kama kawaida, bila pole wala asante. Watu husema alibahatika. Nakataa. Uovu hupenda maneno mafupi yasiyomaliziwa, na anayeulazimisha useme yote mbele ya watu hategemei bahati.

Anastazia alisaini, kisha akamwambia Rabson mlangoni, "Mwakani ukinishtaki tena, mwalimu, andika yote."