Jogoo wa Wana wa Ibrahimu

Mwalimu wetu wa dini alinichukulia jogoo wangu wa pekee, mwaka huu wa njaa, Wajerumani walipokwisha kuchoma maghala yetu hapa Songea. Ana vidole vyembamba vinavyopapasa kifua cha kuku kabla hajakusalimu mwenye kuku. Akifundisha hufumba macho, na sauti yake hulegea kama uji: "Mungu alimwambia Ibrahimu, atakayekibariki kizazi chako nami nitambariki. Wayahudi ndio kizazi chake, mama. Wape chochote." Nikamuuliza wako wapi. "Mbali, ng'ambo ya bahari. Nitawapelekea mimi." Nikampa, maana aliyebakiwa na majivu huamini neno lolote.

Jumapili iliyofuata, amefumba macho katikati ya fundisho lile lile, jogoo akawika nyuma ya nyumba yake. Nikasimama: "Mwalimu, bahari imefika hapa lini?" Watu wakacheka hadi watoto waliolala migongoni wakaamka. Yeye hakufumbua macho. "Safari ni ndefu, mama. Namnenepesha kwanza." Jumapili ya pili hakuwika jogoo, na ndevu za mwalimu ziling'aa mafuta.

Wayahudi siwadai kitu. Hawakula hata unyoya. Lakini mitetea wangu wawili wanaatamia mayai yasiyoanguliwa, na vifaranga vyote hivyo namdai mwalimu.