Kapiteni wa Malisho ya Kirolirwe

Watu wakiuliza nani alileta kriketi kwetu Kirolirwe, wanataja wale askari Wahindi wa kulinda amani. Wasinikasirishe. Wale walituachia fimbo na mupira, wakaenda zao. Aliyetufanya ekipe, timu kamili, njo Emérita, mukamuaji wa maziwa, kapiteni wetu. Mimi Kavira, mwenye duka pale barabarani, nilicheza chini yake mpaka magoti yakakataa.

Tulicheza kwenye malisho ya Papa Nsengimana, na mupira wetu ulikuwa unatisha ng'ombe zake. Siku moja akachoka na sisi. "Mukishinda ekipe ya Masisi, nitawaachia hii fasi. Mukishindwa, iko ya ng'ombe." Fasi ingine tambarare hatukuwa nayo.

Siku ya mechi Emérita alipiga vizuri ajabu. Ilibaki kidogo tu tushinde. Mupira ukapita karibu na fimbo yake, mudakaji wa Masisi nyuma yake akaukamata. Kwa kriketi, mupira ukigusa fimbo ukadakwa kabla ya kuanguka, mupigaji anatoka. Lakini arbitre, ule mwamuzi wa mechi, hakusikia kitu, akasema tuendelee. Emérita akaweka fimbo kwapani, akatoka mwenyewe. Waliomufuata kupiga wakatolewa mumoja mumoja, tukashindwa.

Nikamufokea mbele ya watu. "Weye, nani alikuuliza?"

"Uligusa, dada. Nilisikia mu mukono."

Akaenda kumurudishia Papa Nsengimana malisho yake. Muzee hakujua kitu cha kriketi, akamuuliza sababu gani alitoka na huku arbitre alimubakisha. Emérita akamuelezea. Kwetu, ng'ombe yako ikiingia mu maharagi ya jirani, hata kama hakuna aliyeona, unaenda kusema mwenyewe. Siku hizi wengi wanaifukuza na kunyamaza.

"Huyu, ng'ombe yake ikikula maharagi yangu, nitaambiwa na yeye," muzee akasema. "Muchezee hapa. Ng'ombe zitapanda kule juu."

Leo wasichana wanacheza mpaka Nyabiondo, na anayegusa mupira ukadakwa anatoka mwenyewe, hata arbitre akisinzia. Jumapili iliyopita tulikuwa karibu kushinda, binti yangu Kétsia akatoka hivyo hivyo. Ulimi wangu ulikuwa tayari kumufokea. Emérita, aliyekaa pembeni na ndoo yake ya maziwa, akasogea kidogo, akamupatia Kétsia fasi ya kukaa kando yake. Tulishindwa, na mimi nilijivuna mpaka nikalia.